Nusu ya Pili ya Silabusi

Jumatatu, 9 Septemba 1996

Ukurasa wa 38. Kidole cha kati kimevimba mahali kalamu ya bic inapokaa. Bado kurasa saba nimalize nusu yangu.

Profeseri wa Signaux et systèmes, somo la ishara na mifumo, alikuja kutoka ng'ambo mwezi wa sita, akafundisha siku kumi kama mutu anayefukuzwa, akapanda ndege. Alituachia silabusi moja, kitabu cha masomo yake yote, darasa zima. Fotokopi ya chuo haina wino, na tangu embago, nchi jirani zilipotufungia mipaka, hauletwi. Wenzetu walipita. Tulioanguka ni wawili, mi na Déo. Tumeikata silabusi katikati: mi nusu ya kwanza, yeye nusu ya pili. Kila mmoja ananakili kwa mkono, kama madrasa, nakala mbili, yake na ya mwenzake. Tunabadilishana Jumamosi.

Mtihani wa kurudia ni tarehe 24. Na mwaka huu wa masomo wenyewe sote tulikuwa tunaurudia tayari. Tukianguka tena, chuo basi. Hakuna kubembeleza.

Jumatano, 11 Septemba

Konvolusio. Unachukua ishara moja, unaigeuza nyuma mbele, unaitelezesha juu ya nyingine, unazidisha, unajumlisha. Mwezi wa sita sikuelewa hata chembe. Leo nimeelewa, kwa sababu nimeiandika mara mbili. Imeniuma. Mwaka mzima nilijiona mjinga, kumbe nilikosa kitabu tu.

Baba yuko nyumbani. Garage yao ya Zone Industrielle imefungwa, petroli hakuna. Fundi bila gari anatia huruma na anakera. Anazunguka uani, anauliza hiyo mashine ninayosomea iko wapi. Nikamwambia iko kwenye karatasi. "Basi haitakuchafua mikono, mwanangu," akasema. Sikucheka.

Jumamosi, 14 Septemba, asubuhi

Naenda mtaa wa Kibenga kwa Déo na baiskeli ya baba. Mama hataki. Nimemwambia aache woga. Sisi Waswahili wa Buyenzi vita hii si yetu, ni ya yale makabila mawili, wenyewe. Wakiona kitambaa changu cha kichwa wananipisha. Déo hawezi kuja huku. Vijana wa barieri, kile kizuizi cha barabarani chini ya Kinanira, wanajua watu wake ni wa upande gani. Mi napita. Ndiyo maana karatasi nabeba mi.

Jumapili, 15 Septemba

Jana sikuweza kuandika.

Kwenda, salama. Nilimpa Déo nakala yangu, akanipa yake. Hati yake safi, michoro kwa rula, utadhani imechapwa. Mama yake alinipa ndizi. Saa nane nikaondoka.

Kurudi, barieri. Vijana sita, bunduki moja. Kitambaa hawakukitazama. Walitazama begi. Mkubwa wao akatoa karatasi za Déo, akazipindua huku na huku. Visanduku, mishale, viduara vyenye alama ya kujumlisha na kutoa, mshale unaotoka mwisho na kurudi mwanzo.

"Hii ramani ya wapi?"

"Apana, si ramani. Ni masomo."

"Mi nimefika darasa la sita. Masomo gani haina maneno?"

Nikaanza kueleza. Mimi na mdomo wangu. Kwamba hiki ni mfumo, kwamba huu mshale unarudisha habari nyuma. Habari gani, inarudi kwa nani? Kila nilichoeleza kiliharibu zaidi.

"Nani amechora?"

Ningesema mi. Ningesema profeseri, yuko mbali, hawamfikii. Nikasema ni Déo, mwenzangu wa chuo, anakaa Kibenga, nyumba yenye geti ya bluu. Nikasema nendeni mumuulize, mtaona vitabu vyake, mtacheka.

Geti ya bluu. Hawakuwa wameuliza geti.

Wakabaki na karatasi, wakaniambia, "Pita, dada." Nikasema asante.

Jumanne, 17 Septemba

Walienda. Jumamosi hiyo hiyo, kabla ya kuvrefe, saa ya kutotoka nje.

Amenieleza jirani yao anayeuza samaki soko la Buyenzi. Waliona madaftari yote yamejaa mishale. Hawakucheka. Wakayachoma uani pamoja na silabusi. Wakamuuliza Déo anachora kwa mkono gani. Yule mtoto hajui uongo, akaonyesha wa kulia. Wakauvunja. Kwa fimbo, mara tatu.

Yuko hai. Jirani ananiambia nimshukuru Mungu. Nimeshukuru. 

Alhamisi, 19 Septemba

Sijaenda kumwona. Nasema moyoni barabara ni mbaya. Uongo. Barabara ni ile ile.

Nina nusu ya kwanza tu. Ya pili ni majivu. Nasoma nilichonacho. Ndiyo, nasoma. Naona aibu na nasoma.

Namchukia profeseri na ndege yake. Naichukia fotokopi. Nawachukia wale vijana. Nikimaliza kuwachukia wote nabaki mi.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimepita chuo. Mama yake Déo alipeleka karatasi ya dispansari kuomba mwanawe aandike mtihani baadaye. Wameikataa, wanataka ya daktari wa hospitali, yenye muhuri. Asiyekuja anahesabiwa sifuri. Karani aliniambia haya huku akila karanga.

Jumanne, 24 Septemba

Chumba kikubwa, meza mbili. Moja tupu. Msimamizi akaita jina lake mara mbili, akanitazama, kana kwamba mi ndiye wa kujibu.

Swali la kwanza, konvolusio. Nimeliua.

Swali la pili, mfumo wenye mrejesho, kutoka nusu ya pili. Kuna kikuzaji K. Je, mfumo unatulia au unalipuka, na K iwe ngapi? Mchoro ule ule wa barieri.  Nimeandika kwamba hautulii kamwe, K yoyote ile. Sikuwa na hakika.

Ijumaa, 4 Oktoba

Matokeo yamebandikwa. Mi, 10 juu ya 20. Nimepita, kwa unywele. Déo: absent. Mstari mwekundu.

Baba ametangaza mtaa mzima. Mama anapika pilau. Wallahi sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama hiki.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimeenda Kibenga. Barieri walinipisha bila kuniangalia.

Amekonda. Plasta mpaka kwenye kiwiko, vidole vimetoka rangi ya biringanya. Mjomba wake amempatia kazi dukani, kukaa na wateja. Anaanza kesho.

Akaniuliza swali lilikuwa gani. Nikamwambia la pili. Akafumba macho, kidole cha kushoto kikawa kinaandika juu ya paja. Hata dakika tano hazikupita.

"Inatulia, Zuena. Mradi K isifike sita."

Nimefika nyumbani nimelipiga hesabu. Ni sita. Mi niliweka kujumlisha mahali pa kutoa.

Pale pale akauliza, "We umepata ngapi?"

"Kumi."

"Félicitations, hongera." Alisema kwa moyo. Nilitafuta kejeli sikuiona.

Nilikaa mpaka alasiri nikingoja aniulize nani aliwaelekeza wale vijana. Jibu nilikuwa nalo tayari, nimelibeba toka Buyenzi. Hakuuliza. Mama yake pia hakuuliza. Alileta chai, akanitilia sukari vijiko viwili, siku hizi ambazo sukari haipatikani. Yao hawakutia. Nikainywa yote.