Taya Lenye Njia Mbili

Sapporo, 3 Februari

Baba, shikamoo.

Goti lako linasemaje na baridi hii? Sisi wazima, theluji tu imefika dirishani. Tangu tulipochoma maiti ya mama na kuokota mifupa yake majivuni, miaka sita sasa, sijakuandikia. Leo nina sababu.

Jana niling'olewa gego la chini, upande wa kulia. Nilimwonya daktari kwamba ganzi hainishiki, mimi mwoga. Akapiga eksirei, kisha akamwita msaidizi wake, "Hebu njoo uone!" Mfereji wa mshipa wa fahamu ndani ya taya huwa mmoja. Wangu umegawanyika njia mbili. Akanidunga sehemu mbili, gego likatoka bila maumivu, huku nawaza supu ya miso.

Baba, nilikuwa na miaka kumi na minne uliponing'oa gego. Upande uleule. Nilikwambia inauma, ukasema mtoto wa daktari wa meno halii, wagonjwa wanasikia huko nje. Nakala ya picha hii hapa.

Mwanao, Kyohei

Himi, 12 Februari

Kyohei, marahaba.

Goti ni lilelile. Picha imefika. Mataya hutofautiana kama nyuso, nimeyaona kwa miaka arobaini. Picha za siku zile hazikuonyesha kila kitu. Nilikudunga pale tulipofundishwa, na dawa ya kutosha.

Nimekutumia matunda ya persimoni yaliyokaushwa. Tafuna upande wa kushoto.

Baba yako

Himi, 29 Machi

Kyohei mwanangu,

Hujambo? Mbona kimya? Persimoni zilifika?

Haya, niseme. Nilikujibu kabla ya kutazama. Wiki iliyopita nilitoa filamu yako ya zamani kabatini, nikaishika dirishani. Mstari wa pili upo. Hafifu, lakini upo. Siku ile watu walikuwa wamejaa nje, nami nilikuwa na haraka. Mgeni angelia vile ningesimama. Wewe nilikukandamiza kichwa kwa sababu u mwanangu. Ulisema kweli. Nisamehe, naona aibu.

Kuna jingine. Gego langu limeoza, na kijana aliyechukua zahanati yangu nilipostaafu anataka kuling'oa. Nilimwomba apige picha kwanza. Njia mbili, kulia! Kama ni ya kurithi, sijui. Mimi nilipong'olewa utotoni, marehemu babu yako alinishika mabega akaniambia mwanamume huvumilia. Basi nikakua nikiamini kila mtu huumia hivyo, ila wanaolia ni wadekaji.

Kijana nimemweleza adunge sehemu mbili. Lakini naogopa, Kyohei. Miaka sabini na minane, na kiti nilichowakalisha watu maisha yangu yote kinanitisha.

Baba yako

Sapporo, 2 Aprili

Baba, shikamoo.

Persimoni zimeisha, tamu kweli. Nilikuwa na hasira, ndiyo maana sikujibu.

Tiketi ya treni nimeshakata, Jumamosi nipo hapo. Mwambie huyo kijana asithubutu kuanza kabla sijafika. Nitakaa kando ya kiti. Ukisema inauma, namsimamisha.

Mwanao, Kyohei