Kitabu Ndicho Kilichofungwa, Baba, Siyo Macho

Rosettenville, Johannesburg

Kwako Baba yangu, Mwalimu,

Jambo, Baba, jambo sana. Nakusalimu nikiwa mzima, watoto wazima, na cherehani yangu nayo nzima, namshukuru Mungu. Mgongo wako unaendeleaje? Na kile kikohozi cha Mama cha wakati wa mvua? Macho sikuulizi kwanza. Hayo ndiyo yaliyonifanya niandike, na nikianza nayo nitasahau adabu.

Usishangae kuona barua nene hivi. Habari zenyewe ni fupi. Nimeichapisha mjini, Marshalltown, kwenye duka la fotokopi, kwa herufi kubwa kama zile ulizokuwa unaandika ubaoni kwa watoto wa darasa la kwanza, mistari michache tu kila karatasi. Mwenye duka aliniuliza kama natengeneza mabango ya maandamano. Nikamjibu ndiyo, ni maandamano. Bahasha nimeishona kwa cherehani, uzi mwekundu, mshono juu ya mshono, na nimemwagiza Dieudonné akupe mkononi pamoja na mkasi, kisha atoke nje. Mdogo wangu huyo akijidai kukusomea, mfukuze.

Baba, nimekasirika. Nisamehe kwa kukuambia hivyo mtoto wako, lakini nimekasirika mpaka juzi nilishona mkono wa sare ya shule ndani nje. Mama alinipigia simu analia. Akasema, "Furaha, Baba yako hasome tena. Anasema macho ilikufa. Miwani ameshaipeleka kanisani bapatie mwingine."

Nikamuuliza, "Na somo la Jumapili?"

"Alikataa. Na ule daktari wa macho banasema atakuja, anasema hataenda. Anasema ataenda kufanya nini?"

Umekaa barazani umetulia, Baba, umejitangaza kipofu, na mimi binti yako mkubwa naambiwa mwisho.

Sasa nikueleze kile kifaa cha kusomea kilivyofika kwako, kwa sababu kipofu hapo si wewe. Cha kwanza nilikinunua kwa jirani yangu Salma, Mtanzania anayesuka nywele. Nikakipeleka maktaba mbio mbio, maana wanaazimisha vitabu vya kwenye mtandao bure, na nilikuwa nimeona humo kile kitabu cha mito ya Afrika, kwa Kifaransa, chenye mito yote uliyotufundisha. Nikawaza, Baba atakuza herufi kadiri anavyotaka, atasoma bila kuomba mtu.

Mama wa maktaba akakigeuza geuza. "Eish, dada yangu, aina hii haipokei vitabu vyetu. Inapokea vya maktaba za Marekani tu."

"Kwa nini?"

"Waliokitengeneza ndio walioamua."

"Kwani hapa ni Marekani?"

Akacheka, lakini mimi sikucheka. Mto Kongo hauendi Marekani hata kwa bahati mbaya, na bado mtu wa Kongo akitaka kuusoma kwenye kifaa kile anaambiwa ahamie huko. Nilitoka nikavuka barabara robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, ikiwa nyekundu, teksi zikanipigia honi, nami nikazijibu kwa lugha ambayo siwezi kukuandikia.

Nikakiuza, nikatafuta cha aina nyingine. Hicho kilikubali, lakini kwa mbinde. Ufungue jina lako hapa, ufungue jina lako pale, upitishe kitabu kwenye kompyuta, kisha kwenye waya, ndipo kiingie. Nilifanya hayo yote siku ile ile Mama Rehema wa kanisa letu la hapa, aliyekuletea, alipokuwa anapanda basi la Zambia, ili majuma mawili ya kuazima yasiliwe na safari. Ukakipata. Ulinipigia simu, sauti yako kama ya kijana, ukasema, "Nimefika Lualaba, usinipigie kelele." Niliimba siku nzima.

Muda ulipokaribia kwisha, nikabonyeza hapa kuongeza. Wakanijibu sawa. Mimi nikaamini kwamba sawa ni sawa! Kumbe wameniongezea mimi, Johannesburg. Kile kilicho kwako Kalemie hakina habari mpaka kiunganishwe tena kwa waya na kompyuta yangu hii hii. Mtu akichelewa na kitabu cha karatasi anakaripiwa, lakini kitabu anacho, anaendelea kusoma huku anatukanwa. Hiki kina saa tumboni. Saa ikafika, kikajifunga mbele ya uso wako, katikati ya Lualaba, bila hata kukuomba radhi.

Mama alipokwisha kulia nilimpigia Dieudonné. Akasema kifaa kimeharibika, kiko juu ya kabati. Nikamwambia akiwashe, akipige picha, anitumie. Baba, nilipoiona picha ile nilipiga ukelele wateja wakatoka nje. Ukurasa mweupe mtupu, na chini kabisa mstari mmoja wa Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya chawa: muda wa kuazima kitabu hiki umekwisha. Basi. Hivyo ndivyo wanavyomwambia mzee ambaye sababu ya kushika kifaa chao ni kwamba haoni herufi ndogo.

Ulikuwa unabonyeza kukuza herufi, sivyo? Unabonyeza na kubonyeza, na weupe unabaki weupe. Nikiwaza vile vidole vyako nashindwa kupitisha uzi kwenye sindano.

Lakini na wewe, Baba! Wewe uliyekuwa unaturudisha ubaoni hata tukiwa na jibu sahihi, eti tuonyeshe tulivyolipata, safari hii umelipata wapi jibu lako? Kalenda ya kanisa inaning'inia juu ya kiti chako, tarakimu zake kubwa kama visahani vya chai. Ungeitazama tu, ungejua macho hayajafa! Ulinyamaza ili usitusumbue. Huko kunyamaza ndiko kulikonisumbua kuliko usumbufu wowote.

Macho yako yamechoka, hilo najua, ndiyo maana daktari anakuja. Yaliyochoka yanatibiwa. Akifika, uende. Usimwachie mtu nafasi yako kama ulivyomwachia miwani. Na kile kifaa mpe Mama Rehema anirudishie. Nitakijaza vitabu vya zamani visivyo na kufuli, ambavyo hakuna mtu anayevidai tena. Kile cha mito nakiwinda cha karatasi, na maktaba nimewaachia malalamiko yangu kwa mwandiko uliokuwa unausifu.

Nisalimie Mama, umwambie sijamkasirikia yeye. Msalimie shangazi wa sokoni, na Dieudonné pia, ingawa nitamshughulikia, kwa sababu kitu cha Baba hakiwekwi juu ya kabati bila kuulizwa kina nini. Mzee wa kanisa aliyepokea miwani msalimie kwa heshima zote, kisha umwombe airudishe.

Neno la mwisho. Ulitufundisha kwamba mto wetu hapo Kalemie unatoka ziwani na kwenda kumwaga maji yake Lualaba. Ukifika mwisho wa karatasi hii, chukua simu. Usinisalimie, usiniulize watoto. Niambie jina la mto huo jinsi nilivyoliandika hapa, na jina la mtu niliyembandika pembeni yake: Lukuga Mama Furaha. Jina hilo nimelitunga leo, hapa kwenye cherehani. Mama halijui, Dieudonné halijui. Nikilisikia kwa sauti yako, nitajua ni nani aliyesoma barua hii.

Simu naiweka juu ya meza ya kukatia nguo. Nasubiri, na bado nimekasirika.

Binti yako,
Furaha