Kompyuta Niliyoivisha Gauni

Jumapili, Agosti 2011. La Rochelle, Johannesburg.

Upepo umeamka kabla yangu. Unachota vumbi la njano kwenye vilima vya migodi na kulimwaga juu ya nguo zote zilizoanikwa uani. Baridi kavu, midomo imepasuka, na mimi nina hasira tangu Alhamisi. Hasira ya kusaga meno. Kwa hiyo shajara, kaa vizuri, leo sina utani.

Haya, ninao kidogo.

Wasomaji wangu wanne wa blogu hii mnanijua. Shule niliacha kidato cha pili kwa hiari yangu, mwalimu wa hesabu akisema vingine msimsikilize. Lakini katika nyumba hii ya vyumba saba, kompyuta ni moja, na ni yangu. Niliikuta imetupwa na ofisi iliyokuwa inahama, mfu kabisa, nikaifufua kwa mikono hii. Ndiyo maana uani wananiita Dokta. Sawa, jina nilijipa mwenyewe, ila wamelizoea.

Alhamisi jioni Dokta akabonyeza kitufe. Feni likanguruma, nembo ikatokea, vile vimistari vikaanza kukimbia. Pwa! Kioo cheusi. Nikabonyeza tena, ikafika nusu, pwa. Mara ya tatu hata nembo sikuiona.

Eish.

Ingekuwa mashine tu nisingekosa raha hivi. Lakini ndani yake mna harusi ya Nestor.

Nestor ni kinyozi, Mrundi, anakaa chumba cha pili kutoka changu. Ananiita petit, yaani mdogo, ingawa kwa kimo namzidi kichwa kizima. Nilipofika Joburg sijui hata robot, zile taa za kuvukia barabara, yeye ndiye aliyenionyesha mji. Kaoa wiki tatu zilizopita. Kamera tuliazima kwa mzee wa kanisa lao, mpiga picha nikawa mimi, maana nani mwingine? Jioni yake Nestor akataka tuzihamishie kwenye CD kabla ya kamera kurudi kwa mwenyewe. Nikamcheka. Nikamwambia, "Kaka, CD inakwaruzika. Kwangu ni benki." Nikazimimina kwenye kompyuta, kisha nikafuta kadi ya kamera palepale mbele yake, kwa kidole kimoja, kwa madaha.

Hakuna nakala nyingine duniani.

Na Jumanne hii dada mmoja wa kanisani anapanda basi kurudi Bujumbura. Ndiye wa kubeba picha zilizosafishwa, ampelekee mama yake Chantal. Chantal ndiye bi harusi. Mama yake miguu haimbebi tena, harusi hakuiona, anangoja japo amwone mwanawe ndani ya shela.

Sasa sikilizeni kosa la kwanza. Ijumaa asubuhi, baridi ya kukata masikio, nikabonyeza bila matumaini. Ikawaka! Ikafunguka mpaka mwisho, folda ya harusi naiona pale. Mtu mwenye akili angezitoa picha papo hapo. Mimi nikapiga mluzi, nikasema Dokta ni Dokta, ngoja ninywe chai kwanza. Birika halijachemka, pwa.

Chai! Wallahi nikiikumbuka ile chai natamani kujizaba kofi.

Kuanzia hapo nikaifanyia kila ninachokijua. Nilichomoa memori, nikazisugua meno kwa ufutio wa penseli, nikazirudisha. Pwa. Nilibadilisha ile betri ndogo ya saa. Pwa. Fundi mmoja Mkongo kule Turffontein akaniazima pawa saplai yake, nikaibeba kwa miguu kama mtoto mchanga, nikaifunga. Ikaenda dakika mbili, nikaanza kucheka. Pwa. Na kila nikirudia mara mbili tatu mfululizo, inakufa mapema zaidi, kama mtu anayechoka kunisikiliza.

Niseme na utaratibu wangu, maana nao una habari yake. Zamani Tanga nilipigwa na umeme wa televisheni iliyofunguliwa, tangu siku hiyo siwashi kitu kikiwa wazi. Nikimaliza kugusa ndani narudisha ubavu, nakaza skrubu, navisha gauni, ndipo nachomeka.

Ndiyo, gauni. Mama alilishona. Nilimpa vipimo kwa simu, akashona kwa kitambaa kile kizito cha makochi, bitana ndani, marinda chini, na maua mekundu ya mkono. Nyumbani kwetu redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata jagi la maji lina chake chenye shanga. Mama husema kitu cha thamani hakiachwi uchi. Gauni lilimkaa bibie sawasawa: juu, ubavuni, na nyuma mpaka chini. Mbele tu palibaki wazi, pa kitufe. Na kwa kuwa ni baridi, nikamsogeza karibu na hita. Mapenzi hayo.

Jana asubuhi nikavunjika. Foleni ya bomba la uani, watu na ndoo zao, Nestor akaniuliza taratibu, "Petit, picha je?" Angenitukana ningevumilia. Ule upole wake ndio ulioniwasha. Nikampandishia sauti nyumba nzima isikie, kwamba ni yeye, ni flashi yake ya makwaya anayokuja kuichomeka kwangu kila Jumapili, imejaa virusi, ameniulia mashine, na watu wasiojua vitu wasiguse vitu. Nikaongeza na neno kuhusu kwao, ambalo sitaliandika hapa.

Nestor akainua ndoo yake. Akasema, "Kadi ulifuta weye," akaenda zake.

Hakuna aliyecheka. Hata wale wanaocheka kila kitu.

Leo mchana, wametoka ibadani, Chantal akabisha hodi peke yake. Bado ana hina ya harusi kwenye kucha, tuliyompaka sisi watu wa pwani kwa ubishi. "Shemeji, nimekuja tu kuuliza." Nikamwambia ndiyo kwanza imezima, akae nijaribu tena. Hakukaa. Vidole vilikuwa vimemganda kwa upepo wa nje, akavisugua, akaviweka juu ya kompyuta. Nikadhani anaipapasa kwa huruma. Kumbe anaota moto.

"Shemeji," akasema, "hii inapasha kuliko hita yako."





Nikamvua bibie gauni. Nyuma, pale inapohemea, pamoto kama pasi. Nikafungua ubavu: feni limefumwa blanketi la vumbi la njano, huwezi kupitisha hata sindano. Na mimi siku tatu nimekuwa naliona na kulipita, nikitafuta ugonjwa wa kisomi. Bibie alikuwa anakosa pumzi! Anazima ili asiungue, mimi namrudishia koti na kumsogeza kwenye moto. Asubuhi anafufuka kwa baridi, mimi najipigia makofi.

Nikahitaji brashi laini. Unajua nani ana brashi laini katika nyumba hii? Kinyozi. Chantal akaenda akaileta, ile ya kufutia shingo za wateja.

Nikalipangusa feni mpaka vumbi likaisha, tukamwacha bibie apoe. Nikachomeka akiwa wazi vilevile, nikambonyeza kwa mpini wa mwiko wa mti. Nembo. Vimistari. Kioo kikafunguka, na hakikuzima. Safari hii chai hata sikuitamani. Nikazichoma picha kwenye CD mbili, moja ya akiba. Chantal alizishika kwa ncha za vidole kama vitumbua vya moto, akaniaga, "Asante, shemeji," akaondoka. Asante yake imenichoma kuliko tusi.

Naandika haya kwenye mashine hiyohiyo. Iko uchi, inanguruma, ina afya kuliko mimi. Gauni nimelikunja chini ya mto. Mama akipiga simu nitamwambia bibie amenenepa.

Katika picha zote hizo mimi nimo moja tu, Chantal alipiga. Nestor kaniwekea mkono begani, suti yangu ya kuazima, meno nje wote wawili. Nimeitazama mpaka nikakasirika upya, na safari hii hakuna Mrundi wa kusingizia, hakuna virusi.

Nilitaka kwenda kumgongea mlango saa hii, nimnong'oneze pole, tumalize kiutu uzima. Sharp, rahisi. Lakini bombani sikunong'ona.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi foleni itakuwa palepale, ndoo zilezile, masikio yaleyale. Nitarudisha brashi yake hapo, na nitasema kwa sauti ileile.