Prosesa Uliyonichagulia

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili mkubwa. Natumaini kifua kimepona, na wifi na mtoto hawajambo. Huku tuko salama. Mama goti linamsumbua kwenye ngazi, ila ulimi hauna maumivu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni nafuka moshi, na sitakuficha.

Kifurushi chako kilifika. Nilikifungua mezani, mbele ya Mama na mjomba fundi redio, nikakuta prosesa, ule ubongo wa kompyuta, tena ya aina ambayo sikuitaja hata mara moja.

Kaka, tulikubaliana. Nilisoma wiki tatu nzima. Nilikuandikia aina, namba na sababu: kwamba kompyuta yangu itatumia mfumo endeshi wa Linux, kwamba kadi ya picha nitaipata baadaye, kwa hiyo nahitaji prosesa inayoweza yenyewe kutoa picha kwenye skrini, tena ambayo Linux inaitambua bila kubembelezwa. Nilikwambia ubao mama, ule unaobeba vipande vyote vya kompyuta, ninao tayari, na haupokei prosesa za kampuni nyingine ila ile niliyokuandikia. Nawe ukaenda dukani, muuzaji akakuuliza ni ya nani, ukamjibu ni ya mdogo wako, anapenda magemu. Akakupa ile anayompa kila mtu. Wifi ndiye aliyeniambia, huku akicheka, kwamba karatasi yangu ilikuwa mfukoni mwako muda wote na hukuitoa.

Anapenda magemu! Ulijua fika kwamba ni kazi. Ile kampuni ndogo ilitaka niwajaribie magemu yao kwenye Linux kabla hayajauzwa, nianze Jumatatu, kwa mashine yangu mwenyewe.

Mama alisema mpewa hachagui. Nikamjibu kwamba mimi nilishachagua. Mjomba akavaa miwani, akaigeuza prosesa huku na huku kama anayekagua yai, kisha akatoa hukumu: "Bonyeza, mpwa. Kitu kipya huwa kinabana." Nilipomweleza kwamba hii si plagi ya pasi, akasema usomi mwingi huitia mikono woga.

Yaliyofuata Mama alikusimulia kwa simu: kwamba prosesa yako imeua ubao wangu. Ukaniomba radhi kupitia kwake. Nilikuwa nimekaa kando yake, nasikia kila neno, na sikufungua mdomo.

Sasa sikiliza. Prosesa yako haikuua kitu. Nilijua haiingii, alama za pembeni hazikulingana, hata mtoto wako angeona. Ningeirudisha kwenye boksi, ukaibadilisha, nikachelewa siku mbili tatu. Badala yake niliilaza juu ya soketi, kikalio cha prosesa kwenye ubao, nikaikandamiza kwa dole gumba mpaka nikahisi zile sindano nyembamba za ubao zikipinda chini yake. Nilitaka kosa lako lionekane kwa macho. Jumatatu imepita, na nafasi amepewa mwingine.

Mama nimemwambia leo asubuhi. Tangu hapo anaongea na sufuria tu.

Radhi uliyoniomba nakurudishia. Kosa lile halikuwa lako. Ninayokudai ni nyingine, ya kumwamini muuzaji usiyemjua kuliko mimi uliyenifundisha kusoma. Hiyo hujaniomba, nami sijapoa.

Mpe wifi salamu zangu, na umbusu mtoto mashavu yote mawili.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa na mwenye hasira.