Doa Lililotembea

Alhamisi. Jua limewaka tangu asubuhi bila wingu hata moja, nami nina aibu inayohitaji kuandikwa ili ipungue.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana hapa Machakos. Darubini yetu ya jua imepewa chumba kilichokuwa ghala la mahindi. Mwalimu mkuu alishasema waziwazi: kesho darubini ikishindwa kujilenga yenyewe kwenye jua, chumba kinarudishiwa mahindi.

Kuirekebisha ni rahisi, kwa maneno. Unatafuta doa la jua, unapima liko wapi kwenye picha ambayo kamera yake huleta kwenye kompyuta, unaipa mota hesabu hiyo. Jumatatu nikapata doa. Jeusi, zuri, peke yake.

Jumanne lilikuwa limehama. Madoa huhama, kwa kuwa jua huzunguka, ila polepole. Hili lilivuka nusu ya jua kabla ya chai ya saa nne. Mtu mwenye akili angeishuku kamera. Mimi nilivishuku vitabu. Nikawatangazia walimu wote kwamba huenda tumegundua jambo, nikaanza kuwaza nitavaa nini nikihojiwa kwenye televisheni.

Kila nilipobadilisha hesabu, darubini ilizidi kupotea. Leo asubuhi ililenga tangi la maji.

Wasichana huwa nawafundisha hivi: gusa darubini kidogo. Jua likitikisika na doa litulie, hilo si doa, ni uchafu ndani ya kamera.

Sikugusa.

Saa tano Mama Mwikali, mpishi wetu, alikuja kuchukua magunia matupu yaliyosalia pembeni. Amechambua mahindi miaka na miaka. Aliitazama kompyuta mara moja tu.

"Mwalimu, hii kitu iko na miguu."

Ilikuwa nayo. Sita.

Tulifungua kamera, tukakapuliza kadudu kale. Madoa halisi yakabaki mawili, madogo, sawasawa na picha ya jua ya leo iliyo mtandaoni. Nikaingiza hesabu mpya, nikaigeuza darubini ielekee ukutani, nikaiamuru irudi. Ikazunguka taratibu, ikatua juu ya doa. Nilipiga kelele, nikamkumbatia Mama Mwikali: chumba ni chetu!

Alicheka, akakunja magunia yake.

"Haya. Na mahindi yangu nitaweka wapi? Kule jikoni yananyeshewa."

Wiki nzima nilikuwa napigania chumba, na sikuwahi kujiuliza ninamnyang'anya nani.

Kesho nitamwonyesha mwalimu mkuu madoa yetu mawili, nimtajie aliyetuokoa. Kisha nitamuuliza swali la Mama Mwikali, na sitatoka ofisini mwake mpaka anijibu.