Mikrismasi Yangu Imeziba Njia ya Ng'ombe

Bwana Mshauri,

Nakuandikia unishike mkono upesi. Mimi ni kibarua wa barabara hapa Garsen, kwetu ni Kaloleni, na mke wangu Dama yuko huko kwa sababu alisema hawezi kuishi penye vumbi tupu, basi mzee mmoja Mpokomo akanipa pa kujenga karibu na mto, na kando ya kibanda palikuwa na uwazi mpana usio na jembe la mtu, nikapanda miti minne ya mikrismasi kwa mbegu za kwao Dama, nikaizungushia miiba mbuzi wasiile, nikaibebea maji kila nikitoka kazini mgongo ukiniuma, na mvua zilikuwa nzuri miaka hiyo, wafugaji hawakushuka. Mwaka huu imetoa maua mekundu, nimemwita Dama aje aone. Kumbe ule uwazi ni malka, njia ya ng'ombe kwenda kunywa.

Juzi Bonaya, mfugaji wa Kiorma, alisimama na mkuki wake akaniambia, "Mgiriama, ng'ombe wangu waruke juu ya maua yako kama ndege? Visima vya bara vikikauka tunashuka. Nisikute miiba."

Nikamjibu, "Miti ni yangu."

Akacheka. "Na kiu ni yangu."

Vibarua wenzangu wananoa mapanga, wanasema, "Ukiondoa leo, kesho watafunga ndama kitandani kwako." Mimi sitaki damu, lakini miti hii ndiyo kitu pekee nilichootesha huku ugenini, nami nimechoka. Nifanye nini?

Tsuma, Garsen

Ndugu Tsuma,

Pole kwa mgongo na upweke. Lakini miaka yote hiyo hukujiuliza kwa nini Wapokomo, wanaolima hata kiganja cha udongo, waliuacha uwazi ule? Mzee wako angekuambia, kama ungemwuliza. Ng'ombe mwenye kiu akinusa maji hageuki, na mwenye ng'ombe anayemfuata nyuma naye hageuki.

Na hao wanaonoa mapanga, ni mke wa nani anayekuja kuikuta hiyo damu? Waambie warudi kufyeka nyasi za barabara.

Toa miiba kwa mikono yako, leo, kabla Bonaya hajarudi. Kisha nenda kwake na mzee wako, si na wenzako, useme, "Nilikuwa mgeni, sikujua." Miti ya katikati ikate. Ule wa pembeni uombee ubaki. Mfugaji naye hupenda kivuli akingojea ng'ombe wanywe. Akikataa, kata na huo, bila neno.

Halafu mpelekee Dama habari aje na mbegu nyingine, mpande mlangoni penu. Mbegu za mkrismasi kwao ziko tele. Mume anaye mmoja.