Mashine Ikilia, Umeshindwa

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji, na wale wapwa wangu waliorithi mdomo wa mjomba wao. Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu ambaye figo zake zimegoma kazi. Nakula, natembea, na sura bado ni ileile ya kuvunja shingo za watu. Hapo ugonjwa haujathubutu. Lile ulilouliza tena, kama vipimo vya wewe kunipa figo vyaweza kurudiwa, nitalifikia. Kwanza pokea habari.

Unajua kwamba mara tatu kwa wiki nafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Chumba chetu kina viti vitatu vya kulalia, feni inayolalamika, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kulia kwangu hukaa seremala, mtu mkavu kama mbao zake. Kushoto ni mama mmoja fundi cherehani, anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, maana mashine ile inatia baridi. Hakuna awezaye kuinuka, kwa hiyo ubishi ukianza hakuna pa kukimbilia. Nasi hubishana jambo moja tu: ni bendi gani ya roki iliyo kubwa kuliko zote tangu dunia iumbwe.

Nani alilianzisha? Unamjua. Mimi nimeendesha lori nchi saba, kanda za roki zimejaa mpaka chini ya kiti. Shule niliiacha njiani, lakini gitaa nalijua kwa harufu. Shida ni kwamba ukiutikisa mkono wenye sindano, mrija unabanwa, mashine inapiga kelele, na muuguzi wetu, tunayemwita Sista, anakuja kukukaripia. Basi tukaweka sheria: mashine yako ikilia, bendi yako imetoka. Hebu jaribu wewe kuisifu roki mkono mmoja umelala kama maiti!

Fundi cherehani yuko na Queen. Anasema wale walijua kuvaa, na sauti zao zimeunganishwa mshono usionekane. Seremala yuko na Led Zeppelin. Anasema mpiga ngoma wao alipofariki, waliobaki waliweka vyombo chini, wakasema bila yule sisi si sisi tena. Hiyo, kwake, ndiyo heshima. Mimi niko na AC/DC. Niliwaeleza kwamba mwimbaji wao alifariki, wakalia, wakatafuta mwingine, na mwaka uleule wakatoa albamu iliyozunguka dunia nzima. Seremala akanikejeli kwamba hiyo si bendi, ni gari bovu linalotiwa spea. Nikamjibu kwamba mimi ni dereva, bwana, na gari lililotiwa spea linafika. La heshima linaota majani kando ya barabara. Fundi cherehani alicheka hadi mashine yake ikalia, Queen wakatoka.

Nilikuwa nimeshinda, dada. Seremala alikuwa anatazama dari. Ndipo Sista, aliyekuwa akinyoosha mrija wa yule mama, akaniuliza bila hata kugeuka: wewe unayewasifu waliokubali koo la mtu mwingine, mbona spea yako umeikataa?

Mkono uliruka wenyewe. Mashine ikalia. Seremala akasema taratibu, kwaheri AC/DC.

Sasa lile jambo. Nilikuambia kwenye simu kwamba vipimo vimekataa, kwamba figo yako na mwili wangu haviivi chungu kimoja. Nilidanganya. Daktari alisema vinapatana kuliko alivyotarajia. Ulinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Sikutaka unibebe tena nikiwa na kitambi, wala wakupasue kwa ajili yangu. Nilijiona shujaa, kumbe nilikuwa nakuamulia. Nimeandika kwa sababu kwenye simu mimi hudanganya vizuri mno.

Sikushawishi. Ukisema hapana, mashine ipo, kiti changu kipo, na seremala bado namdai ushindi. Ukisema ndiyo, daktari anataka uje na shemeji awaeleze hatari zote bila kuficha. Nijibu bila huruma, kama siku ile nilipokuomba baiskeli yako. Ulikataa, ukaingia ndani, kisha ukanifuata mpaka njia panda ukanikabidhi, ukasema nikiikwaruza utanikata masikio. Niliikwaruza, na masikio unaona ninayo.

Nisalimie shemeji, na wapwa waambie mjomba anauliza kama wamejifunza kusikiliza muziki wa maana. Fundi cherehani anakusalimu. Seremala naye, ingawa anataka ujue kwamba Led Zeppelin ndio walioshinda.

Hii nyingine, ukinipa, sitaikwaruza.

Ni mimi mdogo wako mtiifu, wa leo tu,
Gia Kubwa